Paris, Annecy na Chamonix na mtoto mdogo: siku nane za Januari

Safari ya msimu wa baridi na mtoto mdogo hutawaliwa na vitu viwili: mwanga na usingizi. Katikati ya Januari jua la Paris huchomoza kama saa mbili na dakika arobaini asubuhi na kuzama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, na katikati ya hapo mtoto bado anadai usingizi wake wa mchana. Nafasi inayobaki inatosha matembezi mawili mafupi, moja likiwa la ndani. Anayepanga matembezi manne kwa siku ataishia kubeba mtoto anayelia barabarani, na hata hayo mawili hatayafurahia.

Mpango huu ni wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi kama miaka mitatu, na wazazi wawili. Mnalala sehemu tatu tu: usiku tatu Paris, mbili Annecy kando ya ziwa, mbili Chamonix milimani, kisha mnaondokea uwanja wa ndege wa Geneva badala ya kurudi Paris. Kila mara mnapohama, mtoto hupoteza siku moja ya utulivu, kwa hiyo Lyon, japo ni mji mzuri, imeachwa makusudi.

Mambo ya kumaliza nyumbani

Wiki ya pili hadi ya nne ya Januari ndizo bora. Likizo ya shule ya Krismasi imekwisha, ya Februari haijaanza, na nyumba za milimani hushuka bei. Punguzo la kitaifa la maduka huanza karibu na wiki hiyo ya pili, na hapo ndipo pa kununua nguo nzito.

Visa ya Schengen (visa moja ya nchi nyingi za Ulaya) ya muda mfupi ni euro 90 kwa mtu mzima na bure kwa mtoto chini ya miaka sita, lakini mtoto hujaziwa fomu yake na hupata visa yake mwenyewe. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Bima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 na imtaje mtoto kwa jina. Uswisi imo ndani ya Schengen, kwa hiyo kuondokea Geneva hakuhitaji visa nyingine. Mnaomba Ufaransa kwa sababu ndiko mnakolala. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake iliyothibitishwa na wakili.

Nyama na maziwa ya kawaida haviruhusiwi kuingizwa Ulaya kutoka nje. Maziwa ya unga ya mtoto yanaruhusiwa hadi kilo mbili, yakiwa kwenye kopo la dukani ambalo halijafunguliwa na yasiyohitaji friji. Matunda mabichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: ndizi, nazi, tende, nanasi na duriani. Ndizi za mtoto za njiani basi hazina tatizo. Unga wa uji wa nafaka tupu, kilo moja, utaokoa asubuhi nyingi. Ule uliochanganywa na maziwa ya unga uacheni.

Ijumaa: kutua Paris

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi husafiri usiku na hutua mapema asubuhi. Mtoto wa chini ya miaka miwili hukaa mapajani. Akitimiza miwili lazima awe na kiti chake, hata kama siku yake ya kuzaliwa inaangukia katikati ya safari. Ndege inaposhuka mpeni maji au titi: kumeza ndiko kunakozibua masikio.

Kigari cha mtoto mlichokikabidhi mlangoni mwa ndege huweza kuibukia kwenye mkanda wa mizigo badala ya mlangoni, na uwanja wa Charles de Gaulle ni mkubwa. Mbeleko iwe kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku.

Malazi yawe karibu na stesheni ya Gare de Lyon. Treni ya Jumatatu ya kwenda Annecy inaondokea hapo, na bustani ya mimea ya Jardin des Plantes iko ng'ambo ya mto tu. Kwa reli mnapanda treni ya mji ya RER B hadi Châtelet–Les Halles, kisha RER A au D kituo kimoja. Tiketi ya uwanja wa ndege ilikuwa euro 13 kwa mtu mzima mwaka 2025. Chini ya miaka minne bure. Teksi rasmi ina bei ya kudumu: euro 56 hadi ukingo wa kulia wa mto Seine, ambako ndiko Gare de Lyon iliko, na 65 hadi ukingo wa kushoto. Kwa familia yenye masanduku mawili na kigari, inayotua wakati watu wanakwenda kazini, teksi ndiyo jibu. Pangeni foleni yenye alama nje ya jengo. Anayewafuata ndani akiwaitia teksi si wa kufuatwa. Teksi hazibanwi na sheria ya kiti cha mtoto, hivyo mkikitaka kiti lazima kiagizwe mapema.

Tatizo la siku hii ni ufunguo. Nyumba nyingi za kupanga hufunguliwa saa tisa au kumi alasiri, nanyi mmetua alfajiri. Lipieni usiku wa kuamkia Ijumaa mwingie moja kwa moja. Ni ghali, lakini saa nane za kuzurura na mtoto aliyelala vibaya kwenye nyuzi tano za joto ni ghali zaidi.

Ulizeni mapema kuhusu mambo matatu: lifti (majengo mengi ya zamani hayana), kitanda cha mtoto cha kukunja, na jiko. Mikahawa mingi hupika kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, kisha jiko hufungwa mpaka saa moja au moja na nusu usiku. Mtoto wenu atakuwa na njaa saa kumi na moja na nusu, wakati hakuna anayepika. Sufuria moja, wali, mayai na karoti vitamaliza shida hiyo.

Supermaketi ya karibu ina karibu kila kitu. Nepi namba 4 ni za takriban kilo 9 hadi 14, namba 5 kilo 11 hadi 16. Maziwa ya waliozidi mwaka mmoja huandikwa lait de croissance. Duka la dawa lina msalaba wa kijani. Nunueni humo vichupa vya sérum physiologique, maji ya chumvi ya kusafishia pua. Hewa yenye joto la hita hukausha pua za watoto tangu usiku wa kwanza, na mtoto mwenye pua iliyoziba halali.

Sasa tofauti ya saa. Wakati wa baridi Ufaransa iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, na watu wengi huhangaika kumzoesha mtoto saa mpya. Kwa siku nane, msihangaike. Mtoto aliyezoea kuamka saa kumi na mbili nyumbani ataamka saa kumi alfajiri. Mcheleweshe kulala kidogo, awe kitandani saa moja jioni, naye atasogea hadi saa kumi na moja. Usingizi wake wa mchana utaangukia saa tano badala ya saa saba. Hiyo ni bahati: analala kwenye kigari saa tano hadi karibu saa saba, kisha mnaingia mkahawani kabla jiko halijafungwa, naye ameamka na furaha.

Jumamosi: nguo kwanza, kisha wanyama

Kosa la wazazi wanaotoka ukanda wa joto ni kununua koti moja nene na kuliamini. Paris mwezi huu huwa na nyuzi kama 7 mchana na 2 au 3 usiku, mara nyingi na manyunyu. Baridi hiyo haimwumizi mtoto kama jasho linavyomwumiza. Maduka, treni na makumbusho hupashwa joto sana. Mtoto anatota ndani ya koti, mkitoka nje unyevu unageuka barafu mgongoni. Mvalisheni tabaka: fulana ya mikono mirefu inayofungwa kwa vifungo kati ya miguu, soksi ndefu za kubana, suruali, sweta jembamba lenye zipu, halafu koti. Mkiingia ndani, koti na kofia vinatoka kabla hamjauliza bei. Kupima kama ana baridi, pitisheni vidole viwili nyuma ya shingo, chini ya kola. Pakiwa pa vuguvugu na pakavu, yuko sawa. Pakiwa na unyevu, punguzeni tabaka moja. Mikono baridi haisemi kitu, huwa baridi daima.

Viatu viwe na nafasi ya kidole kimoja mbele. Soksi mbili zilizobana humfanya aone baridi zaidi, kwa sababu hewa kidogo iliyonaswa kuzunguka mguu ndiyo inayotunza joto. Kwenye kigari wekeni mfuko wa miguu uitwao chancelière: mtoto aliyekaa hatembei, na asiyetembea hapati joto. Mkifunika kigari kwa plastiki ya mvua, acheni upenyo wa hewa, na mkiingia ndani iondoeni mara moja.

Saa nne kamili makumbusho ya Grande Galerie de l'Évolution ndani ya Jardin des Plantes inafungua milango (Jumanne hufungwa). Ghorofani kuna msafara wa wanyama wa savana: tembo, twiga, pundamilia, wamepangwa kana kwamba wanatembea. Mtoto aliyekwisha kuwaona Mikumi au Nairobi atawaita kwa majina. Saa moja inatosha. Baada ya usingizi na chakula rudini kwenye nyumba za vioo za mimea ya kitropiki katika bustani hiyohiyo: kuna joto, migomba, na mahali pa mtoto kutembea bila koti. Kwa mchana wa Januari hakuna mahali pazuri zaidi Paris.

Jumapili: basi namba 69

Metro ya Paris ni ya ngazi. Isipokuwa njia ya 14, yenye lifti kila kituo, vituo vingi vitawataka mbebe kigari juu na chini, na baadhi ya mageti hayapitishi kigari. Basi ni bora: kigari huingia kwa mlango wa kati kikiwa wazi, hufungwa breki mahali pake, na mtoto anaona mji. Tiketi ya basi ilikuwa euro 2.00 na ya metro 2.50 mwaka 2025, zikijazwa kwenye kadi ya Navigo Easy. Kila mtu mzima awe na kadi yake.

Namba 69 hupita Bastille, Hôtel de Ville, Louvre na Invalides hadi Champ de Mars, chini ya mnara wa Eiffel. Kupanda mnara na mtoto wa umri huu sishauri: foleni ni ndefu, kigari lazima kikunjwe, na juu upepo ni mkali. Mnara huonekana vizuri zaidi kutoka chini. Karibu na daraja la Iéna kuna farasi wa kuzunguka, na hao ndio mtoto atakaowakumbuka.

Maduka mengi hufungwa mchana wa Jumapili. Chakula cha treni cha kesho kinunuliwe asubuhi.

Jumatatu: treni ya kwenda Annecy

Treni za moja kwa moja za kasi hutumia kama saa tatu na dakika arobaini na tano. Msichague inayobadilishwa njiani kwa sababu ya kuokoa euro kumi. Chagueni inayoondoka kati ya saa nne na saa tano asubuhi, ili usingizi uangukie safarini. Ratiba huandikwa kwa mfumo wa saa 24: 14:25 ni saa nane na dakika ishirini na tano mchana.

Mtoto chini ya miaka minne husafiri bure mapajani, lakini kwa euro 9 kuna Forfait Bambin inayompa kiti chake. Lipeni. Saa karibu nne za kilo kumi na mbili mapajani ni adhabu. Wakati wa kununua chagueni ghorofa ya chini, maana treni nyingi za njia hii zina ghorofa mbili na ngazi nyembamba, pamoja na viti vinne vinavyotazamana vyenye meza. Masanduku yote yawe na kibandiko cha jina, ni lazima. Njia ya treni hutangazwa kama dakika ishirini kabla, na milango hufungwa dakika mbili kabla ya muda wa kuondoka. Mmoja atangulie na mtoto, mwingine akunje kigari na kukiweka kwenye rafu ya mlangoni kabla rafu haijajaa.

Kabla ya Aix-les-Bains reli hupita ukingoni kabisa mwa Ziwa Bourget. Mwamsheni hapo kama bado amelala, la sivyo usiku utakuwa mrefu.

Jumanne: Annecy

Mji wa kale una soko asubuhi ya Jumanne, Ijumaa na Jumapili. Barabara zake ni za mawe, na magurudumu madogo ya vigari vya kukunja hunasa. Hapa mtoto apande mbeleko. Mfereji wa Thiou una sehemu zenye kingo fupi, kwa hiyo mkono wake usiachiwe. Mchana nendeni Jardins de l'Europe na uwanja wa Pâquier, penye nyasi tambarare na ziwa mbele. Ukungu ukilala juu ya maji mpaka saa sita, subirini. Mara nyingi hupanda.

Chakula cha Savoie, eneo hili la milima, kinahitaji uangalifu. Tartiflette huwa na vipande vya nyama ya nguruwe, fondue hupikwa kwa divai nyeupe, soseji za diots ni nguruwe. Ombeni gratin (viazi vya kuokwa) isiyo na nyama, au crozets, tambi ndogo za miraba ambazo watoto huzipenda. Reblochon hutengenezwa kwa maziwa mabichi, na mamlaka za afya za Ufaransa zinashauri watoto chini ya miaka mitano wasile jibini mbichi za namna hiyo. Comté na Emmental, ambazo hutengenezwa kwa kupashwa moto na kukamuliwa, hazina katazo. Nyama ya kusaga iagizweni bien cuit, isiwe na wekundu wowote ndani.

Jumatano: kupanda Chamonix

Treni ya mkoa kutoka Annecy hupitia La Roche-sur-Foron hadi Saint-Gervais-les-Bains-Le Fayet, na hapo mnahamia treni ndogo ya reli nyembamba iliyofika Chamonix tangu 1901. Jumla ni kama saa mbili na nusu hadi tatu. Msipange muunganiko wa dakika tano. Theluji nyingi ikianguka, sehemu ya juu hubadilishwa kwa basi, basi hilo hufuata foleni ya magari, na mtoto hutapika kwenye kona. Nguo moja ya kubadilisha na mfuko wa plastiki viwe juu ya mkoba.

Mwenye nyumba atawapa kadi ya wageni. Kwa kadi hiyo mabasi ya bonde na treni kati ya Servoz na Vallorcine ni bure.

Usiku huweza kushuka chini ya nyuzi -6, lakini chumbani ni hita za ukutani na kosa huwa lilelile la kuzidisha. Chumba cha mtoto kiwe nyuzi 18 hadi 20, alale ndani ya mfuko wa kulalia badala ya mablanketi yatakayomfunika uso.

Homa, kama itakuja, huja karibu siku ya tano au ya sita, baada ya ndege na treni zenye watu wanaokohoa. Duka la dawa huuza paracetamol ya maji ya watoto, Doliprane, bila cheti. Bomba lake la kunyonyea limeandikwa kilo, si mililita: mtoto wa kilo 12, vuteni hadi alama ya 12. Hicho ni kipimo kimoja cha miligramu 15 kwa kilo, kisirudiwe kabla ya saa sita kupita, wala kisizidi mara nne kwa saa 24. Bomba hilo lisitumike kwa dawa nyingine. Mtoto akipumua haraka mno, ngozi ya kati ya mbavu ikiingia ndani kila pumzi, au akikataa kunywa, pigeni simu ya dharura, 15 au 112, bila kungoja asubuhi.

Alhamisi: theluji

Watu watawaambia mpande kwa kebo kilele cha Aiguille du Midi, mita 3,842. Watoto chini ya miaka mitatu hawaruhusiwi, na sababu ni ya mwili: kebo inapanda karibu mita 2,800 ndani ya dakika chache, na mtoto asiyejua kueleza maumivu ya kichwa hawezi kuwatahadharisha.

Chaguo lenu ni treni ya Montenvers, yenye gurudumu la meno linaloshika reli. Inapanda kwa dakika ishirini hadi mita 1,913, mbele ya barafu ya Mer de Glace. Chini ya miaka mitano bure, mtu mzima zaidi ya euro 35. Nendeni saa tano, wakati jua limefika. Mpeni kinywaji wakati wa kupanda. Kaeni juu saa moja, msishuke kwenye pango la barafu.

Mchana, kijijini, kodini sleji yenye mgongo na mkanda kwenye duka la ski. Mtoto avae ovaroli ya theluji isiyopitisha maji na glavu za kidole kimoja zilizounganishwa kwa kamba inayopita mikononi mwa koti. Zisizo na kamba hupotea. Theluji huakisi mionzi ya jua, hivyo mpakeni mafuta ya jua namba 50 hata chini ya kidevu na puani, na miwani ya jua iwe ya daraja la 3 au 4. Kila dakika ishirini ingizeni kidole ndani ya kiatu. Soksi ikiwa na unyevu, mchezo umekwisha: ingieni ndani, soksi kavu, maziwa ya moto. Bonde ni jembamba na jua hupotea nyuma ya milima mapema. Baada ya saa kumi baridi hubadilika ghafla.

Ijumaa: Geneva

Gari la pamoja la abiria hadi uwanja wa Geneva huchukua takriban saa moja na robo hadi moja na nusu barabara ikiwa safi. Safari imepangwa kuishia Ijumaa kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya kubadilishana wageni milimani, na barabara hiyo husimama. Kiti cha mtoto kiagizwe wakati wa kulipia, mkitaja kilo na urefu wake, si umri tu. Msimfunge akiwa na koti nene: linabonyea wakati wa mgongano na mikanda inabaki imelegea. Mfungeni na sweta, koti mlifunike juu kama blanketi.

Fikeni saa tatu kabla ya ndege. Maji na maziwa ya mtoto huruhusiwa kupita ukaguzi hata yakizidi mililita 100, ila yatolewe na kuwekwa pembeni. Fulana nyepesi na sandali ziwe kwenye mkoba wa ndani ya ndege, zivaliwe nusu saa kabla ya kutua. Kwa kuwa saa yake hamkuigeuza kabisa, siku mbili au tatu zitatosha arudi kulala saa zake.